Maji Yatokayo Nyumbani: Tahara ya Mji wa Bujumbura na Haki ya Jirani



Hapana Mwislamu asiyejua ya kuwa mlango wa Sala ni tahara. Mtoto wa madrasa, kabla hajafika mbali katika masomo yake, hufundishwa namna za maji: yaliyo tahiri na yenye kutwahirisha kitu kingine, yaliyo tahiri lakini hayatwahirishi, na yaliyoingiwa na najisi. Hufundishwa kuangalia mambo matatu, yaani rangi, ladha na harufu. Mafundisho hayo ni mema, na aghalabu yahusu maji yanayoingia nyumbani na msikitini. Leo yafaa kuulizwa habari za maji yatokayo. Mtu akiisha kuoga, kufua, kustanji na kutawadha, maji yale huenda wapi? Na ni nani ayapokeaye?

Swali hili si dogo kwa watu wa Gasenyi. Mtaa huu uko upande wa juu wa mji, na ardhi ya kaskazini yote hapa huteremka kuelekea uwanda na ziwa. Maji hayapandi mlima. Kinachomwagwa huku juu, kiwe cha mvua, cha jikoni au cha choo, hufuata makorongo na kuwashukia wakaao chini. Mvua kubwa ya usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 ilionyesha jambo hilo kwa msiba. Maji na tope yaliteremka kutoka milimani yakavifunika vitongoji vya kaskazini mwa Bujumbura. Watu zaidi ya 50 walikufa, na nyumba kwa mamia zikabomoka. Maji yale yalipopita yalizoa kila kilichokuwa njiani, na vyoo vya shimo navyo havikusalimika. Siku ile kila mtu aliona kwa macho njia ambayo maji hupita kila siku kwa uchache na kwa kimya.

Mwisho wa njia hiyo ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hili ni neema kubwa mno. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470, hata likahesabiwa kuwa la pili kwa kina duniani. Nchi nne hulishiriki: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mtu akisimama ufukweni akautazama ukubwa huo, nafsi humwambia ya kuwa ndoo moja ya uchafu haiwezi kulidhuru. Hapo ndipo penye kosa. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kupanda angani kama mvuke. Mvuke huondoka, bali uchafu hubaki. Maji yake huchukua karne nyingi kabla hayajabadilika yote. Tena, chini ya mita mia moja au mia mbili hakuna hewa ya oksijeni, kwa hiyo samaki wote wa kuliwa, ndagala na mukeke na wengineo, huishi katika tabaka ile ya juu. Basi ziwa la mtu wa kawaida si lile la mita 1,470. Ni lile tabaka jembamba la juu na ule ukingo wa pwani, na hapo ndipo hasa mji humwaga maji yake.

Na hapo hapo mji huteka maji yake. Regideso, shirika la maji la Burundi, hulipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake kutoka ziwani. Maana yake ni kwamba Bujumbura hunywa kutoka katika birika lile lile ambalo huoshea mikono. Nyumba yoyote yenye akili isingekubali jambo hilo ndani ya ua wake. Lakini mji mzima hulikubali kwa sababu hakuna mtu mmoja aionaye safari yote tangu chooni mpaka bombani.

Historia imekwisha kutoa somo hili kwa bei ghali. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa mmoja wa London, na watu mamia wakafa kwa siku chache. Tabibu mmoja, John Snow, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza wagonjwa walikunywa maji ya wapi, akaona ya kuwa wengi wao walitumia pampu moja ya Broad Street. Mpini wa pampu ile ukaondolewa. Baadaye ilionekana ya kuwa karibu sana na kisima kile palikuwa na shimo la uchafu la nyumba moja, ambamo zilikuwa zikioshwa nepi za mtoto mchanga aliyekuwa mgonjwa, na shimo lile lilikuwa likivuja. Mama wa mtoto yule hakumtakia jirani mabaya. Alimwaga maji ya kufulia mahali pale pale alipozoea kuyamwaga.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki nako, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kilishuka na njia za misafara ya bara, kikafika pwani ya Pangani na kisha Unguja, kikaua watu kwa maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, aliifuatia safari ya maradhi hayo kutoka nchi hata nchi, akaiandika katika kitabu chake cha mwaka 1876. Na mtu asidhani ya kuwa hizo ni habari za zamani. Tarehe 1 Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na wagonjwa wa kwanza walionekana huku huku upande wa Bujumbura. Maradhi haya hayana siri nyingine. Hutoka chooni mwa mtu mmoja yakaingia kinywani mwa mwingine, na gari lake ni maji.

Sasa itazamwe dawa yake. Mji wa Bujumbura una mahali pa kusafishia maji machafu, nako ni Buterere, kaskazini magharibi, katika ardhi ya chini isiyo mbali na ziwa. Mabwawa ya hapo yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani, na kwa miaka mingi yalikuwa chini ya SETEMU, idara ya kazi za ufundi ya manispaa. Watu wengi wamepita karibu na Buterere wakaziba pua, wala wasijue kazi inayofanyika pale. Yafaa ielezwe, kwa kuwa ni kazi ya ajabu, na sehemu kubwa yake haifanywi na mtambo bali na jua, hewa na viumbe wadogo aliowaumba Mwenyezi Mungu.

Maji machafu hufika kwa mabomba yaliyozikwa ardhini. Kwanza hupitishwa katika machujio ya vyuma, nayo huzuia matambara, mifuko ya nailoni, vijiti na takataka nyingine. Kisha mwendo wa maji hupunguzwa ili mchanga utue. Baada ya hapo huja mabwawa, na katika kazi ya namna hii mabwawa hupangwa kwa daraja. Yale ya kwanza huwa ya kina kirefu, na maji hukaa humo siku chache. Uzito wa uchafu huzama chini ukawa tope, na vijidudu visivyohitaji hewa huula na kuuvunja; ndipo itokapo ile harufu. Mabwawa ya pili huwa mapana na ya kina kifupi, kiasi cha mita moja na nusu. Humo huota mimea midogo ya kijani isiyoonekana moja moja kwa jicho. Mimea hiyo hupokea mwanga wa jua ikatoa oksijeni, na vijidudu vya namna nyingine hupumua oksijeni hiyo na kula uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho huwa ya kina kifupi zaidi, ili jua lipenye na kuviua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo yapate wakati wa kutua chini. Safari yote huchukua siku nyingi, hata wiki kadhaa. Mwishowe maji huachiliwa kwenda zake, yakiwa hayana tena nguvu ya kudhuru kama yalivyokuwa.

Njia hii hutumika katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki, kwa sababu jua lipo tele na umeme ni ghali. Nairobi ina mabwawa makubwa ya Dandora. Dar es Salaam ilijenga mabwawa Vingunguti na kwingineko. Kisumu, iliyo kando ya Ziwa Viktoria, ina ya Nyalenda.  Miji hiyo yote imejifunza jambo moja: kuchimba mabwawa si mwisho wa kazi. Tope lisipoondolewa baada ya miaka kadhaa, bwawa hujaa likawa uwanja. Mafuta, rangi na dawa kali za viwanda zikiingia bila kusafishwa kwanza kiwandani, huviua vile vijidudu wafanyao kazi, na bwawa hulala kama mtu aliyezimia. Na watu wakijenga nyumba mpaka ukingoni mwa bwawa, basi wao huishi na harufu na mbu, na bwawa nalo hukosa nafasi ya kupanuliwa.

Walakini liko kosa lililo kubwa kuliko hayo yote. Mabwawa ya Buterere hayawezi kusafisha maji ambayo hayakuyafikia. Mabomba ya maji machafu hupita katika baadhi tu ya mitaa ya Bujumbura, hasa ile ya katikati ya mji na sehemu za viwanda. Watu wengi sana hutumia vyoo vya shimo na matangi ya kuchimbia uani, ambayo hufyonzwa na magari yakijaa. Kwa nyumba hizo, bwawa la Buterere liko mikononi mwa mwenye nyumba mwenyewe. Akilichimba shimo vizuri, akalifunika, akaliita gari lilipojaa, na dereva akaupeleka mzigo mahali palipowekwa, basi nyumba ile imeunganishwa na usafi wa mji ijapokuwa haina bomba. Lakini akitoboa ukuta wa shimo usiku mvua inaponyesha, ili maji yachukuliwe na korongo, amejifanyia nafuu kwa kumtwisha mwenziwe. Gharama ya gari hakuikwepa. Ameihamishia kwa mama wa bondeni atakayempeleka mtoto hospitali.

Hapa ndipo elimu ya tahara inapokutana na elimu ya afya, na yapasa kila moja isikilize nyenzake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi katika nchi hizi, maji yaliyofika qullatayn, kiasi cha lita 200, hayanajisiki kwa kuguswa na najisi mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Ziwa Tanganyika limeipita qullatayn kwa hesabu isiyosemeka. Kwa hiyo mvuvi ashukaye ufukweni akatawadha kwa maji yasiyogeuka, udhu wake ni sahihi. Lakini kusihi kwa udhu hakumzuii kipindupindu. Kijidudu cha maradhi hayo hakina rangi, hakina ladha wala harufu, na maji yaliyo tahiri kwa hukumu ya fikihi yaweza kuwa hatari kwa hukumu ya tabibu. Mtu asiitumie ruhusa ya sharia ya kutawadha kuwa ruhusa ya kuchafua.

Maulamaa wa zama hizi wameliona jambo hilo wazi. Mwaka 1978 Baraza la Maulamaa Wakuu la Saudi Arabia lilitazama suala la maji machafu yaliyosafishwa kwa mitambo. Likaamua ya kuwa yakisafishwa kikamilifu, hata isibaki alama ya najisi katika rangi, ladha na harufu yake, hurudia utahiri wake na yafaa kutwahirishia. Kisha likaongeza ya kuwa, ikiwa kuyatumia kuna madhara kwa afya, na yaachwe. Na sababu ya kuyaacha ni kuilinda nafsi ya mwanadamu, si unajisi wa maji. Katika uamuzi huo mmoja mna mizani mbili: mizani ya tahara na mizani ya madhara. Anayepima kwa moja tu amepima nusu.

Na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikwisha kukataza mtu asikojoe katika maji yaliyotuama, akatahadharisha pia juu ya kujisaidia katika njia za watu, vivulini, na mahali pa kuteka maji. Makatazo hayo yote yana shabaha moja. Hayamtazami yule mwenye haja, bali yule atakayekuja nyuma yake: msafiri, mpumzikaji, mteka maji. Mtaa wa juu ndio mtangulizi wa maji, na mtaa wa chini ndio unaokuja nyuma. Haki ya jirani haikomi kwa nyumba zilizogusana kuta. Jirani wa maji ni kila mtu ambaye maji yako humfikia.

Basi ni nini la kufanywa na jamaa wa Gasenyi? Yako mambo yasiyongoja serikali wala mfadhili.

La kwanza ni shimo la choo. Kawaida ya watu wa afya ni kuliweka shimo mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kuhakikisha ya kuwa kitako chake kiko juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau. Lijengwe ukingo imara usioingiliwa na maji ya mvua, wala lisichimbwe katika ubavu wa korongo, mahali ambapo ardhi huanguka. Shimo lililojaa likaachwa bila kufyonzwa si choo tena.

La pili ni mifereji ya mvua. Mfereji wa mvua haukutengenezwa kuchukua maji ya choo, wala bomba la maji machafu halikutengenezwa kuchukua mvua ya paa zima. Vikichanganywa, siku ya mvua kubwa bomba hufurika, na uchafu hutoka kwenye mifuniko ukaingia barabarani. Mifuko ya nailoni na majivu na mabaki ya ujenzi yatupwayo mferejini hufanya kazi ile ile ya kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyezibua mfereji mmoja kwa jembe, kesho atalia nyumba yake.

La tatu ni msikiti wenyewe. Watu 200 wakitawadha kwa mfereji wa bomba, kila mmoja akatumia lita 5, ni lita 1,000 kwa Sala moja, na lita 5,000 kwa siku. Yajulikana ya kuwa Mtume alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Ubadhirifu wa maji hudhuru mara mbili: huyapunguza yale yanayoingia na kuyazidisha yale yanayotoka. Maji ya udhu si maji ya choo. Yasielekezwe katika shimo la choo likajaa mapema, wala yasiachwe yatuame mlangoni yakazaa mbu. Yapewe njia yake, yapite katika changarawe, yanyweshe miti ya kivuli ya ua wa msikiti. Kazi hiyo yaweza kufanywa na fundi mmoja na vijana wachache kwa siku chache.

La nne ni heshima. Wako watu ambao riziki yao ni kufyonza vyoo, kuzibua mabomba na kusimamia mabwawa. Aghalabu hutazamwa kwa dharau, na watoto huwakimbia. Watu hao hufanya faradhi ambayo mji mzima umewaachia. Wastahili glavu, viatu, dawa na malipo yaliyo halali ya jasho lao, na wastahili salamu. Vivyo hivyo wakazi wa Buterere, ambao wamebeba jaa la takataka la mji na mabwawa yake, wasitajwe kwa kicheko. Harufu waipokeayo ni ya nyumba za wengine.

La tano ni sauti. Jumuiya iliyokwisha kusafisha ua wake ina ulimi wa kusema mbele ya manispaa: mabomba yaongezwe, tope la mabwawa liondolewe kwa wakati, viwanda vilazimishwe kusafisha maji yao, na ardhi ya Buterere ilindwe isimegwe kwa viwanja. Nchi nne za ziwa zilitia saini mapatano ya kulilinda Ziwa Tanganyika mwaka 2003 katika mji wa Dar es Salaam, na ofisi ya mamlaka ya ziwa iko hapa hapa Bujumbura. Karatasi ya mapatano ipo. Lakini ziwa halisomi karatasi. Husoma kile kinachoshuka kwa makorongo.

Wazee waliokuja Usumbura zamani kutoka Ujiji na pwani walijenga misikiti yao wakaanza na mahali pa maji. Walijua ya kuwa Sala haina msingi mwingine. Vizazi vya leo vimerithi misikiti ile, na mji uliokua mara nyingi kuliko walivyouona wao, na ziwa lile lile moja. Tahara ya mtu mmoja hutimia kwa viungo vichache na maji kidogo. Tahara ya mji hutimia pale ambapo mtu wa juu anaweza kumtazama mtu wa chini usoni, akajua ya kuwa hakumteremshia isipokuwa maji yaliyo salama.

Mwenyezi Mungu awajaalie watu wa Gasenyi na wa Bujumbura yote usafi wa mioyo na wa mitaa, awaondolee maradhi, na awabarikie ziwa lao pamoja na jirani zao. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.